Injini Haitaki Kukabwa Koo

“Fundi, nikifunga heda nitapoteza bakipresha. Nifanyeje ili ibaki?”

Mwezi huu swali hili limenifikia mara tatu. Mara ya kwanza kutoka kwa kijana wa Dallas mwenye Mustang ya 1967, mara ya pili kwa jamaa wa Muscat aliyeagiza Camaro, na mara ya tatu kwa yule yule wa Dallas, ambaye nadhani alitarajia nikilala nikaamka nitakuwa na jibu jingine. Kazi yangu ni mabomba ya moshi. Heda ni mabomba hayo, moja kwa kila silinda, yanayofungwa badala ya manifoldi ya moshi ya kiwandani, na bakipresha ni shinikizo la moshi uliozuiwa kutoka. Nilianzia Gerezani, Dar es Salaam, nikiziba matundu ya sailensa za daladala, na sasa ni mwaka wa 19 niko Ohio nikilala chali chini ya magari ya Kimarekani ya miaka ya 60 na 70, yale yenye V8 kubwa ndani ya bodi ya gari la familia, ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli. Muda wote huo sijaona injini ya petroli ya mipigo minne iliyopona ugonjwa kwa kuzibwa pua.

Kutojua hakunichoshi, sote tulizaliwa hatujui. Kinachonichosha ni kwamba kijana wa Dallas, kabla hata hajavuta pumzi, aliniongezea la pili: bomba moja upande wa dereva linagusa sanduku la usukani, jirani yake amemshauri alibonyeze, naye hataki kwa sababu “nguvu itapotea.” Yaani anataka moshi uzuiwe, na papo hapo anaogopa moshi usije ukazuiwa. Mtu huyo huyo, simu hiyo hiyo. Haya makosa mawili ni pacha, na ukiyaondoa, kufunga heda kwenye gari la zamani kunabaki kazi ya kawaida ya chuma, jasho na matusi machache.

Mwaka juzi mzee mmoja mstaafu aliniletea Mustang yenye injini ya 289 (namba hizi ni inchi za ujazo). Alisema tangu afungiwe heda na fundi mwingine, gari linapanda mlima kama limebeba mchanga. Nikalipandisha, nikafungua flanji ya nyuma ya kolekta, pale mabomba manne yanapoungana kuwa moja. Nikamulika kwa tochi. Ndani kulikuwa na washa nene ya chuma, imechomelewa kuzunguka ukingo mzima, katikati ina tundu. Upande wa pili, washa kama hiyo. Kolekta ina kipenyo cha inchi 3; tundu la washa lilikuwa inchi 1 na nusu. Nusu ya kipenyo ni robo ya eneo. Silinda nne zilikuwa zinapumulia robo ya njia iliyolipiwa.

Aliyefanya kazi ile hakuwa mzembe. Mstari wake wa kuchomelea ulikuwa safi, umelala kama sarafu zilizopangwa, kuliko wangu wa miaka mitano ya kwanza. Alimweleza mzee kwamba heda “zinaachia moshi mno,” kwa hiyo amemrudishia bakipresha kidogo. Na akamtoza pesa za ziada kwa ajili hiyo.

Sina haki ya kumcheka sana. Nilipokuwa mgeni hapa nilifunga heda kwenye Mustang nyingine ya 289, yenye kabureta ya Autolite ya midomo miwili. Nilipomaliza, gari likawa zito kuitika: ukikanyaga mafuta linasita, linakohoa kupitia kabureta, ndipo linaondoka. Mkubwa wangu wa kazi akasema, “Bakipresha imekwenda.” Nikakata vizuizi viwili vya bati, nikavichomelea kwa utii. Kelele zikapungua, na mwenye gari, kwa kuwa halikupiga kelele tena, akaamini limepona. Wiki ya pili akarudi. Safari hii nilichomoa plagi kwanza. Kaure yake ilikuwa nyeupe kama chaki, dalili kwamba petroli inayoingia ni kidogo kwa hewa iliyopo. Heda zilikuwa zimeifungulia injini pumzi, na jeti za kabureta zimebaki zile zile za manifoldi ya kiwandani. Nikapandisha jeti namba mbili, nikavitoa vile vizuizi, na kusita kukaisha mchana ule ule. Mkubwa wangu hakusema kitu. Nami sikumuuliza.

Huko ndiko sehemu kubwa ya imani hii ilikozaliwa. Watu maelfu walifunga heda bila kugusa kabureta, wakapata gari linalokohoa, na wengine wakaunguza valvu kwa sababu ya mchanganyiko uliokosa petroli. Badala ya kuitazama kabureta wakalitazama bomba, maana bomba ndilo walilobadilisha. Ni sawa na mtu aliyehamia nyumba yenye madirisha makubwa, akaona baridi, akaziba madirisha badala ya kujifunika shuka.

Chanzo kingine ni tamaa ya bomba pana. Jamaa yangu wa Muscat alikuwa amenunua heda za inchi 2 kwa Camaro yenye 327 isiyoguswa, gari la kuendea Mutrah jioni kupunga upepo. Ndani ya bomba pana namna hiyo moshi wa injini ile unatembea pole pole, kama maji ya mfereji yaliyomwagwa uwanjani. Kasi inapotea, na pamoja nayo nguvu ya kuvuta kwenye mizunguko ya chini, ile unayoihitaji taa zikiwa kijani. Mtu akirudi kwenye bomba la inchi 1 na 5/8, gari linachangamka, naye anasema: unaona, bakipresha imerudi! Kilichorudi ni kasi. Kwamba bomba jembamba pia lina msuguano zaidi ni gharama unayoilipa ili upate kasi, si bidhaa uliyokwenda kununua. Ukinunua samaki ukalipa nauli, huli nauli.

Wapo pia waliokulia kwenye Yamaha za mipigo miwili, wanaokumbuka kwamba ukiitoa ile ekzosi iliyotuna tumbo ukaweka bomba tupu, pikipiki inakufa nguvu. Kweli kabisa. Injini ya mipigo miwili haina valvu ya moshi. Lile tumbo limepimwa ili wimbi lirudi na kuusukuma mchanganyiko mbichi uliotaka kutorokea kwenye bomba. Ni ujanja wa wimbi, na ni wa injini nyingine. Na kwa haki niseme hili: baadhi ya magari ya Marekani ya kuanzia katikati ya miaka ya 70 yana valvu ya kurudisha moshi kidogo ndani ya injini, na valvu hiyo husikiliza shinikizo la ekzosi ili ijue lini ifunguke. Ukipunguza shinikizo, inachanganyikiwa. Lakini hapo kinachohitaji shinikizo ni valvu, wala si injini, na Mustang ya 1967 haina valvu hiyo.

Sasa injini yenyewe. Kama huniamini, chukua tambara lililolowa, vaa glavu ya ngozi, uzibe mdomo wa ekzosi wa gari lenye ekzosi moja linalounguruma taratibu. Sekunde chache tu. Linaanza kutetemeka, na ukiziba sawasawa linazima. Hiyo ndiyo bakipresha. Waniambie wanaoipenda ni kipimo gani kati ya sifuri na tambara ambacho ghafla kinageuka kuwa dawa.

Pistoni inapopanda kutoa moshi inafanya kazi ya bure, inakula nguvu ambayo ingekwenda magurudumuni. Ukiweka kizuizi mbele yake inasukuma kwa bidii zaidi, na bidii hiyo unailipia kwenye kituo cha mafuta. Kisha moshi ulioshindwa kutoka unabaki ndani ya silinda ukichukua nafasi ya hewa mpya. Aliyepanda daladala pale Kariakoo saa kumi na moja jioni anajua: wa kushuka wasiposhuka, wa kupanda hawapandi, hata konda apige bodi kwa kiganja mpaka kimwume.

Heda haifanyi kazi kwa kuwa ni pana tu. Valvu ya moshi inapofunguka, gesi iliyo ndani bado ina shinikizo kubwa, na inatoka kwa kishindo. Kishindo hicho ni wimbi. Linakimbia ndani ya bomba kwa kasi ya sauti, ambayo kwenye gesi ya nyuzi 700 ni karibu mita 600 kwa sekunde. Likifika kwenye kolekta, njia inapopanuka ghafla, linageuka: lilikwenda kama msukumo, linarudi kama mvuto. Mvuto huo ukiifikia silinda katika ule upenyo mfupi ambapo valvu ya moshi haijafunga na ya hewa imeshaanza kufunguka, unafyonza mabaki ya moshi na kuivuta hewa mpya nyuma yake. Yote hayo ndani ya sehemu chache za elfu moja za sekunde. Kwa hiyo urefu na upana wa bomba vina kazi, na kolekta lazima iwe wazi. Ukiweka washa pale, sehemu kubwa ya wimbi inagonga ukuta, na wimbi lililogonga ukuta linarudi kama msukumo. Yule fundi hakuurudisha uhai wa injini ya mzee. Alichukua kitu pekee ambacho heda zilikuja kukifanya, akakigeuza kichwa chini miguu juu.

Magari ya mashindano ya NASCAR yamejengwa na watu wanaolala na kuamka wakitafuta nguvu ya farasi mmoja wa ziada. Kama kungekuwa na farasi ndani ya washa, washa zingejaa humo.

Tuje kwenye nyundo, maana ndiyo nusu ya pili ya lile kosa.

Heda za barabarani za 289 au 302 mara nyingi ni za kipenyo cha nje cha inchi 1 na 5/8. Kwa bati la geji 16, tundu la ndani lina milimita 38. Sema umelibonyeza bomba mahali pamoja likawa umbo la yai, na upande mmoja umebaki milimita 30. Milimita 8 zimeliwa. Kwa macho ni bonde la kutisha, mwenye gari akiliona anashika kichwa. Lakini mzingo wa chuma haujapungua. Bomba limejitanua ubavuni hadi karibu milimita 45. Eneo la duara lilikuwa milimita za mraba 1,134. La yai ni takriban 1,065. Umepoteza asilimia 6, mahali pamoja, kwenye bomba moja kati ya manane. Tena mlango wa moshi kwenye silinda hedi ya kiwandani ya 289 ni mdogo kuliko hilo yai. Moshi ulikwishapita kwenye tundu jembamba zaidi kabla ya kuifikia nyundo yako.

Linganisha na washa iliyokula asilimia 75 kwa silinda nne kwa mkupuo. Watu wanalipia kile kikubwa na kukosa usingizi kwa ajili ya kile kidogo.

Bonde lina madhara yake, lakini si hayo. Mkunjo mkali ni mwanzo wa ufa. Bati linakuwa jembamba pale, linapata moto na baridi kila siku, linatikiswa, na siku moja unasikia tik-tik-tik ya moshi unaovuja. Karibu na flanji ndiyo mahali pabaya zaidi. Ndiyo sababu ya kubonyeza kwa akili. Si sababu ya kuogopa.

Shida ya nafasi kwenye Mustang ilizaliwa kabla ya Mustang yenyewe. Gari lile lililozinduliwa New York Aprili 1964 lilijengwa juu ya mifupa ya Ford Falcon ya 1960, gari la familia lililokuja na injini ya silinda sita za mstari mmoja. Springi na shokapu za mbele zimekaa ndani ya minara miwili ya bati inayoingia chumba cha injini kutoka kushoto na kulia. Silinda sita za mstari hazina habari na minara. V8 inayo, kwa sababu moshi wake unatokea ubavuni, pale pale minara iliposimama, na chini yake kuna sanduku la usukani, stata, na vyuma vya klachi. Wazee wa Afrika Mashariki wanaoikumbuka Safari ya 1964, yale mashindano ya magari, waliziona Mercury Comet za V8 zilizoletwa na Wamarekani. Comet ni ndugu wa Falcon tumbo moja, minara ni hiyo hiyo. (Mwaka ule ilishinda Ford Cortina ya silinda nne. Sisemi kitu.)

Mwaka 1967 Ford waliipanua Mustang ili injini ya 390 ienee, mwaka uliofuata wakaingiza 428 Cobra Jet, na 1969 walipotaka kuweka Boss 429 nafasi ikagoma kabisa. Magari yalipelekwa kwa kampuni ya Kar Kraft, Brighton, Michigan, minara ikabadilishwa, betri ikahamishiwa kwenye buti. Chrysler nao: Barracuda za 1969 zenye 440 ziliuzwa bila usukani wa pawa, kwa kuwa hapakubaki pa kuuweka. Kwa hiyo heda zako zikigoma kupita, usikimbilie kusema umeuziwa takataka. Wenye kiwanda wenyewe walikata bati.

Sasa kazi. Nakwenda haraka kwa kuwa hapa ndipo rahisi, na hapa ndipo hakuna anayeniuliza.

Anza na maunti za injini. Raba ya zaidi ya miaka hamsini imelala, na ya upande wa dereva ndiyo inayoteseka zaidi, kwa sababu V8 ya Kimarekani ukiikanyaga huinuka upande huo. Injini ikiwa imeshuka milimita 6, heda nazo zimeshuka milimita 6, na wewe unalipigia nyundo bomba lisilo na hatia. Badilisha maunti zote, pamoja na ya giaboksi, ndipo ujaribu tena. Kesi nyingi hufia hapo.

Jaribu heda zikiwa tupu, hazijapakwa rangi wala kauri, gasketi ikiwa mahali pake, boliti zimeshikwa kwa vidole. Toa stata, toa bomba la kijiti cha oili, inua injini inchi mbili tatu kwa jeki na kipande cha ubao chini ya sampu. Heda nyingi za Mustang huingia kwa chini, si kwa juu. Kisha tafuta zinapogusa. Usitumie macho. Chukua udongo wa kuchezea wa watoto, bandika donge kila mahali unaposhuku, kaza boliti, fungua, pima unene uliobaki. Kwa kitu kisichotembea milimita 10 zinatosha. Kwa vyuma vya usukani taka mara mbili ya hapo, na usipime gari likiwa juu: literemshe likanyage chini, geuza usukani mwisho hadi mwisho, halafu mwambie mwenzako ainue injini kwa mtaimbo upande wa dereva huku wewe unatazama.

Ikikosa milimita chache, bonyeza. Toa heda, ifunge kwenye jiliwa, pasha lile doa kwa moto wa gesi mpaka liwe jekundu kama kaa, kisha likandamize kwa kipande cha shafti ya duara ukigonga shafti, si bomba. Upate bonde refu la mviringo, bila kona. Usile zaidi ya theluthi ya kipenyo. Usiguse inchi mbili za kwanza kutoka kwenye flanji.

Ikikosa zaidi ya hapo, kata na uelekeze upya. Nunua vipande vya kona vilivyopindwa kwa kiini ndani, ambavyo havijabonyea kwenye mkunjo, upime kwa waya mnene uliopindwa njia unayoitaka, ushike kwa nukta nukta ndani ya gari, umalizie mezani. Chuma cha kawaida, geji 16. Kama heda ni za stenlesi ya 304 tumia tigi na waya wa 308L, na upitishe argoni ndani ya bomba, la sivyo upande wa ndani utachanua kama koliflawa. Usikate bomba la maji la galvanaizi eti lina kipenyo sawa. Zinki inatoa moshi mweupe, mdomo unapata utamu wa ajabu, na usiku utatetemeka ukidhani malaria imekufuata mpaka Amerika. Ukichomelea ndani ya gari, chomoa betri. Unapomalizia mezani, flanji iwe imefungwa kwenye silinda hedi mbovu au bamba nene. Ukiiacha huru itapinda, nawe utabadilisha gasketi mpaka uzeeke, huku monoksidi ya kaboni ikipenya ndani ya gari kupitia matundu ya pedali.

Wakati mwingine bomba liko sawa na jirani yake ndiye mnene. Stata ndogo za kisasa zinaacha nafasi ya kupitisha mkono. Vyuma vya klachi vinaweza kubadilishwa kwa mfumo wa haidroliki. Au achana na heda ndefu: zipo fupi, zipo zile zinazounganisha mabomba mawili mawili kwanza kisha kuwa moja, kama zilizokuja na Shelby GT350 ya 1965. Na kwa gari la kwenda harusini na kurudi, manifoldi za chuma cha kusubu hazivuji, haziguswi na chochote, na zitakuzika. Watu hawapendi nikisema hivyo.

Mafundo yakiisha, ndipo upeleke heda zikapakwe kauri. Ule utepe wa kuzungushia siuwekei chuma cha kawaida. Unashika unyevu, na bomba linaoza kwa ndani ya sanda yake. Washa gari, soma plagi, pandisha jeti kama zimekuwa nyeupe. Likishapata moto na kupoa kabisa, kaza boliti upya. Rudia mara ya pili.

Kijana wa Dallas alifanya yote hayo, na wiki iliyopita alinipigia tena. Mustang inavuta vizuri, fundi, inaruka, lakini kuna mlio wa tik-tik upande wa dereva asubuhi kabla haijapata moto. Akakaa kimya kidogo. “Fundi, haiwezi kuwa ni bakipresha inatoka?”

Nikamuuliza boliti alizikaza mara ngapi.

Mara moja, akasema.

Nikamwambia achukue spana.